Moro hadi Mbamba Bay kwa baiskeli: mimi, shemeji na hema moja (uzi mrefu, kaa mkao wa kula)

#1 Mleta uzi

Wakuu, habari za muda huu.

Nimerudi juzi na makalio bado hayajanisamehe, hivyo naandika nikiwa nimelala kifudifudi. Mkiona herufi zimerukwa mjue ndio sababu.

Mke wangu kwao ni Mbamba Bay, Ziwa Nyasa. Mimi ni mwalimu, niko Morogoro, na karibu kila likizo ya mwezi wa sita tunapanda basi kwenda ukweni. Unafika miguu imevimba, na kitu pekee ulichokiona njia nzima ni kisogo cha aliyekaa mbele yako. Safari hii mama watoto alitangulia na watoto kwa basi. Mimi na mdogo wake wa kiume tukasema tunakuja kwa baiskeli. Alicheka hadi akakaa chini. Halafu akanivuta pembeni, hacheki tena: "Huyo ni kitinda mimba wa mama. Mrudishe mzima."

Njia ilikuwa hivi: Morogoro, Doma, Mikumi, Ruaha Mbuyuni, Ilula, Iringa, Mafinga, Makambako, Njombe, Madaba, Songea, Mbinga, Mbamba Bay. Ni kama kilomita 950. Toa zile 50 za ndani ya Hifadhi ya Mikumi ambazo tulipakia baiskeli kwenye Fuso. Siku 15, mbili kati ya hizo za kupumzika.

Mimi nina baiskeli ya mtumba ya gia 21. Shemeji ana Phoenix. Ndiyo, Phoenix ile ile ya breki za vyuma, isiyo na gia hata moja, keria nyuma kama kitanda. Nilimwambia aazime nyingine. Akanijibu, "Shem, hii imebeba magunia ya mkaa. Itanishindwa mimi?"

Naendelea baadaye, kuna mtu anaita mlangoni.

#2 Mdau

Bila picha hii ni chai, tena ya maziwa na tangawizi. Weka picha.

#3 Mdau mwingine

Naweka kambi hapa. Mkeka umeshatandikwa.

#4 Mleta uzi

Picha zipo, simu ya shemeji ndiyo ilipiga nyingi na yeye bado yuko kwao. Vuta subira mkuu.

Tuendelee. Usiku wa kwanza tulilala Doma, na hapo ndipo nilipogundua kwamba ualimu una faida moja ambayo haiandikwi kwenye mkataba. Tulienda kwa mtendaji wa kijiji, tukatoa vitambulisho, nikajieleza. Aliposikia "mwalimu" akampigia mwalimu mkuu, na yule akaja mwenyewe na kandambili miguuni kutuonyesha pa kusimika hema, chini ya mwembe wa shule. Shule zimefungwa, uwanja mtupu, bomba la maji lipo. Kuanzia hapo karibu kila kijiji ilikuwa hivyo. Hata walipokataa shule walitupeleka kanisani au nyuma ya ofisi ya kijiji.

Kwa hiyo anayetaka kufanya hivi: usijifiche. Ukisimika hema porini kimya kimya, saa tatu usiku utazungukwa na sungusungu wenye tochi, na watakuwa na haki. Nenda kwa mwenyekiti au mtendaji kabla jua halijazama, jina lako liandikwe kwenye daftari la wageni, mtalala mkikoroma.

Mikumi sikutaka ubishi. Ile barabara inakata hifadhi katikati, tembo na nyati wanavuka wanavyotaka, na mimi nimepewa kitinda mimba wa watu. Tukapanda Fuso lililokuwa linarudi tupu. Njiani kuna lile bango la faini, ukigonga swala kiasi hiki, twiga kiasi hiki. Shemeji akalisoma taratibu, akauliza, "Na twiga akinigonga mimi, shem, analipa nani?" Utingo alicheka mpaka akashika bomba.

Tatizo lilianza baada ya Mikumi. Kwenye tambarare yule kijana haendeshi, anaruka. Ananiacha kilomita mbili tatu, halafu anakwenda kukaa chini ya mti kunisubiri. Mimi nafika natweta, ulimi nje, ndio kwanza nashusha mguu, yeye ananyanyuka anajikung'uta suruali: "Twende, shem." Ameshapumzika dakika ishirini. Mimi sijapumzika hata moja. Siku nzima hivyo. Kufika jioni nilikuwa nimemchukia mtu ambaye hajanikosea chochote.

#5 Mdau wa kike

Mwalimu hapo kwenye kusubiriwa umenigusa. Mume wangu ndivyo anavyotembea sokoni. Akisimama mimi nafika, nikifika yeye anaondoka.

Swali: mizigo mlibeba nini? Nataka kufanya na dada yangu, Lushoto kwenda Tanga, ni mteremko tu.

#6 Mleta uzi

Dada, "mteremko tu" ni maneno ambayo utayajutia. Subiri nifike milima ya Lukumburu.

Mizigo: hema la watu wawili, mifuko miwili ya kulalia ya mtumba, mkeka, sufuria moja na mfuniko wake, visu, chumvi, mchele kilo mbili ambazo tulikuwa tunazijaza njiani, dagaa, pampu, viraka na solusheni, tyubu tatu, spana, spoku chache, kamba za mpira zilizokatwa kwenye tyubu kuukuu (beba nyingi, zinafunga kila kitu hadi mkono uliovunjika), pawabanki, dawa ya kuharisha, mafuta ya kupaka kule ambako siti inakutana na binadamu. Na mimi nilibeba suruali moja ya kitambaa na shati jeupe, vimepigwa pasi, vimefungwa kwenye nailoni. Shemeji alinicheka kila asubuhi nilipokuwa napanga ile nailoni juu kabisa isikunjike. Sababu mtaijua mwishoni.

#7 Mdau

Suruali ya pasi kwenye baiskeli. Walimu mna mambo.

#8 Mleta uzi

Ruaha Mbuyuni. Anayepajua anajua joto lake. Barabara imefuatana na mto Ruaha Mkuu, mibuyu imesimama pande zote kama watu wanaosubiri kuitwa, na kando ya lami ni vitunguu, vitunguu, vitunguu. Tulisimika hema kiza kimeingia, chini ya mbuyu mmoja mzuri sana. Kosa. Chini ya ule mbuyu kulikuwa na mbigili.

Asubuhi matairi yangu yote mawili yamelala. La nyuma la shemeji nalo limelala. Tukaazima karai kwa mama mmoja anayeuza chapati, tukazamisha tyubu, mapovu yakatoka kama uji unaochemka. Tundu 11 kwenye tyubu tatu. Na hema chini limetobolewa kama kichujio. Tuliziba mpaka saa nne, mama wa chapati akawa anatuletea chai na ushauri, ushauri ukiwa mwingi kuliko chai. Usisukume baiskeli kwenye nyasi kavu usiku, wakuu. Ibebe begani.

Tukaondoka jua likiwa limeshashika, mbele yetu mlima Kitonga.

#9 Fundi

Kwa faida ya wengine: ukitoa mwiba wa mbigili pitisha kidole ndani ya tairi taratibu pande zote kabla hujarudisha tyubu. Ncha inabakia ndani ya mpira huioni. Watu wanaziba, wanajaza upepo, baada ya kilomita tano wanatukana solusheni.

#10 Mleta uzi

Fundi, ungekuwepo. Ndivyo ilivyotokea, tena mara mbili.

Kitonga sasa. Kwa basi ni kona za kushika kiti cha mbele. Kwa baiskeli ni kama kilomita kumi za ukuta. Maroli yanapanda kwa gia ya kwanza, polepole kiasi kwamba utingo anaweza kushuka akakojoa na akalipata tena. Yanayoshuka yananuka breki zilizoungua. Bondeni unaona mabati ya magari yaliyoshindwa kona.

Mimi niliweka gia ndogo kuliko zote, miguu inazunguka kama cherehani, baiskeli inakwenda mwendo wa bibi harusi. Shemeji na Phoenix yake alikanyaga kona ya kwanza, ya pili akashuka akasukuma. Kwa mara ya kwanza tangu Moro nikampita mimi. Sitawadanganya, nilisikia raha. Nilipiga hata kengele.

Kama nusu saa hivi baadaye nasikia roli linapanda nyuma yangu. Linanipita. Nyuma yake, mkono wa kushoto umeshika mnyororo wa bodi, mkono wa kulia kwenye usukani, meno yote nje, ni shemeji. "Shem, tukutane juu!"

Nikawaza mengi kwa sekunde moja. Roli likirudi nyuma hatua mbili tu, mtoto wa watu yuko chini ya tairi. Likibadilisha gia kwa kushtua, mnyororo unamng'oa bega. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakatika, yeye akadhani nashangilia, akapunga kwa kichwa.

Nilimkuta juu, amekaa kwenye jiwe anakula muwa. Mguu wake ndio niliuangalia kwanza, halafu bega, halafu nikaanza. Nilisema yote. Nilimwita mtoto. Nilimwambia nikifika kwenu na baiskeli mbili na mtu mmoja, nimwambie nini mama? Alinisikiliza, muwa umesimama mdomoni. Kisha akasema kwa upole, na hiyo ndiyo iliyoniuma, "Shem, wewe una gia ishirini na moja. Mimi nina magoti mawili. Toka kona ya pili umenipita, hukugeuka kuniangalia hata mara moja."

Kweli sikugeuka.

Tukaenda hadi Ilula hatuongei. Ni vigumu kunyamaziana mkiwa na sufuria moja. Yeye ana sufuria, mimi nina mfuniko. Yeye ana mchele, mimi nina kiberiti. Tulisimama kwenye vibanda vya nyanya, zimepangwa kwenye matenga mpaka barabarani, kila mmoja akanunua za kwake kana kwamba hatujuani. Jioni tumewasha moto nyuma ya ofisi ya kijiji, mzee mlinzi anakuja anauliza, "Nyie ni ndugu?" Shemeji akajibu, "Huyu ameoa kwetu." Mzee akatuangalia, akaangalia hema moja, akasema kwao mtu na shemeji yake hawalali chumba kimoja, sembuse mfuko wa nailoni. Hapo tukacheka wote wawili kwa pamoja, na ugomvi ukaishia hapo.

Usiku tukawekeana sheria mbili. Ya kwanza, hakuna kudandia. Ya pili, mwenye mwendo mdogo ndiye anatangulia, wa haraka anakaa nyuma. Kwenye tambarare ninatangulia mimi, kwenye mlima anatangulia yeye na Phoenix yake, hata kama anasukuma. Wakuu, hii ya pili ilibadilisha safari nzima. Wa nyuma anamwona wa mbele muda wote, na mkisimama mnasimama wote, mnaanza wote.

#11 Mdau wa Iringa

Umepita Ilula hukusimama Lugalo kwenye mnara? Pale ndipo Wahehe wa Chifu Mkwawa walipomaliza kikosi cha Wajerumani cha Zelewski mwezi wa nane 1891. Na Kalenga je, mlikwenda kuliona fuvu la Mkwawa?

#12 Mleta uzi

Lugalo tulisimama, baiskeli tukaziegemeza kwenye mti tukanywa maji. Shemeji akasimama mbele ya mnara kimya muda mrefu kuliko nilivyotegemea. Kalenga tulikwenda siku ya mapumziko kwa daladala, miguu ilikataa katakata kuona pedeli. Fuvu lipo, lile lililorudishwa na Waingereza 1954. Chumba chenyewe ni kidogo sana, unasimama karibu nalo kiasi kwamba unaanza kunong'ona.

Lakini mkuu, watu wa Iringa, nani aliwaambia muweke mji juu ya kilima? Umetoka Ilula umechoka, unafika Ipogolo unasema alhamdulillah nimefika, kumbe mji uko juu ya kichwa chako.

#13 Mdau wa Iringa

Hahaha. Mgeni lazima afike akiwa amenyooka.

#14 Mleta uzi

Iringa hadi Makambako nitapita haraka. Lami, upepo, misitu ya misonobari ya Sao Hill, maroli ya mbao. Unaendesha ndani ya harufu ya mbao mbichi nusu siku. Kuzuri, ila hakuna cha kusimulia zaidi ya kwamba tulikula sana.

Makambako upepo ulituvaa ubavuni kiasi kwamba nilikuwa naendesha nimelala upande kama dau. Hapo keria yangu ikakatika mguu. Fundi wa kuchomelea aliiunga kwa kipande cha nondo, akakataa hela nzima, akachukua nusu: "Nusu nyingine mkifika salama." Sijui tutamlipaje.

Njombe. Jamani, Njombe ya mwezi wa sita. Nilikuwa naisikia tu kwenye taarifa ya hali ya hewa. Ukungu unashuka saa kumi jioni, mikono inakufa kwenye breki. Mfuko wa kulalia wa shemeji ulikuwa umelowa tangu asubuhi, ulikuwa juu ya keria na manyunyu hayakubisha hodi. Kwa hiyo tukafungua wangu zipu yote, tukaufanya blanketi, tukalala mgongo kwa mgongo. Soksi tulivaa mikononi. Hema nalo linatoka jasho kwa ndani kutokana na pumzi zetu, tone linakusanyika, linakua, linakudondokea sikioni. Usiku wa manane shemeji ananong'ona, "Shem, umelala?" Nimelala vipi. "Dada akijua tumelala hivi atatuandika." Tukacheka mpaka hema likatunyeshea lote kwa mara moja.

Asubuhi mama mwenye kiwanja alikuwa amefukia viazi kwenye majivu. Alitupa sita. Tatu tulikula, tatu tuliweka kwenye mifuko ya koti zikiwa za moto na tukaanza kukanyaga. Kila mkono ukifa unauingiza mfukoni unashika kiazi. Kilomita kama kumi na tano za kwanza tuliendesha hivyo, mkono mmoja usukani, mmoja kwenye kiazi. Vilipopoa tukavila.

#15 Mdau wa kike

Hii ya viazi naichukua. Sasa Lukumburu?

#16 Mleta uzi

Dada, ndiyo hiyo. Ile milima inapanda na kushuka, na kushuka ndiko kunakoua. Phoenix breki zake ni mpira mdogo unaobana rimu kwa vyuma. Ukishuka mrefu umebana, mpira unaisha kama kifutio. Nilikuwa mbele, nikasikia sauti ya chuma kinakwaruza chuma, nikageuka (sasa hivi nageuka kila dakika), naona shemeji ananyoosha mguu, soli ya kiatu anaikandamiza juu ya tairi la nyuma, vumbi linatoka. Alikwenda hivyo hadi akaingia kwenye majani pembeni, polepole, akaanguka upande kama mbuzi anayelala. Hakuumia. Kiatu ndicho kilichokufa.

Tulitembea kwa miguu kama masaa matatu hivi. Madaba fundi akachukua kipande cha tairi la gari, akakikata kwa kisu alichokuwa anakilowesha maji kila mara ili kiteleze, akachonga vipande vinne, akavisukuma kwenye viatu vya breki kwa nyundo. Elfu mbili. Vilipiga kelele kama nguruwe hadi Mbamba Bay lakini vilishika.

Kwa hiyo Lushoto: kagua breki, beba mpira wa akiba, shuka ukibana na kuachia, usibane moja kwa moja, na rimu ikiwa ya moto huwezi kuigusa, simama.

#17 Fundi

Sahihi. Na matairi msijaze upepo mpaka mwisho kabla ya mteremko mrefu, rimu ikichemka tyubu inapasuka.

#18 Mleta uzi

Songea tulipumzika, tukafua, shemeji akanunua raba za mtumba. Mbinga tuliwakuta Wamatengo na ngoro zao, yale mashamba ya vishimo vishimo yanayoshika maji mlimani. Kutoka kule juu ukitazama yanafanana na kitambaa kilichofumwa. Kahawa ilikuwa inaiva, nyekundu barabarani kote.

Siku ya 15 tukashuka kuelekea ziwani. Lami ni nzuri, kona ni kali, sehemu nyingine tulishuka tukatembea, sheria ni sheria. Halafu kwenye kona moja miti inaachana na ziwa liko pale, la bluu hadi mwisho wa macho, milima imelizunguka. Shemeji aliyekuwa anaimba tangu Mbinga akanyamaza. Hajawahi kufika kwao kwa mwendo wa kuliona hivyo.

Tukiwa tumebakiza kama nusu kilomita nikasimama, nikaingia nyuma ya migomba na nailoni yangu. Ndiyo, suruali. Siku 15 nimevaa bukta ya kubana, na nyinyi mnajua bukta ile inavyosema yote. Mama mkwe hawezi kuniona hivyo. Nikavaa suruali ya kitambaa, shati jeupe, nikafunga vifungo hadi shingoni. Miguuni raba zenye matope. Shemeji alikaa barabarani kwa kicheko.

Mke wangu hakuwa amemwambia mama. Alisema tu tunakuja. Kwa hiyo mama anatoka jikoni, anatuona tunasukuma baiskeli getini, weusi, midomo imepasuka, mwanawe ana jeraha gotini na kamba za tyubu zimemzunguka kifuani, mkwe amevaa kama anakwenda kutoa mahari. Akaweka mwiko chini. Akashika kichwa. "Nani amefariki?"

Majirani wawili walikuwa wameshafika kabla hatujamaliza kueleza.

Alipoelewa alimzunguka shemeji mara mbili, anamgusa mabega, anahesabu. Kisha akanigeukia, macho chini kama inavyopasa, akasema, "Baba, karibu. Lakini mbona umenirudishia nusu?"

Usiku huo tulikula mbasa, samaki wa ziwani, na ugali. Mimi nikapewa chumba chenye kitanda na chandarua. Shemeji akasimika hema mchangani, karibu na mitumbwi. Kama saa saba hivi nilikuwa bado macho, kitanda laini mno, hakuna mtu wa kunipiga teke mgongoni. Mama watoto akaniuliza nina nini. Nikamwambia joto.

#19 Mdau

Picha mkuu. Na mlirudije?

#20 Mleta uzi

Nimerudi peke yangu kwa basi, baiskeli kwenye buti imekunjwa shingo. Konda alitaka nauli ya mtu mzima kwa ajili yake, tukasumbuana hadi tukakubaliana nauli ya mtoto.

Picha shemeji amesema anatuma leo jioni akipata bando. Ile ya Kitonga amekataa kutuma.

#21 Mdau wa kike

Ya suruali ndiyo tunayoitaka.

#22 Mleta uzi

Hiyo amesema atatuma kwanza kwenye grupu la familia.